Nimeombwa kubadilishana linki na tovuti tatu, nitajuaje ipi ina faida?

FundiSindano:
Wakuu, salaam. Nina tovuti ya kufundisha matengenezo ya cherehani, makala kama sitini hivi. Wiki hii nimepata barua pepe tatu za "weka linki yangu nami niweke yako". Wa kwanza anaeleza aina za vitambaa. Wa pili anaandika kila kitu chini ya jua, ila anajisifu ana DA 52 (alama ya nguvu ya tovuti, hadi 100). Wa tatu anataka niipe linki tovuti A, yeye anirudishie kutoka tovuti B, eti Google wasigundue. Napimaje? Sitaki kumkatalia mwenye nia njema, wala sitaki kujichongea.

KirakaMzee:
Huyo wa tatu mfute kabla hujamaliza kusoma uzi huu. Sera za Google kuhusu spamu zinataja waziwazi kubadilishana linki kupita kiasi, pamoja na kurasa za "washirika" zilizotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Kutajana kwenyewe si kosa. Tovuti mbili za mada zinazokaribiana hutajana, ni kawaida kabisa.

Kwa hao wawili waliobaki, mfikirie msomaji wako ambaye uzi unamkatikia kila akishona jinzi. Ukimpeleka kule, atapata jibu? Kama ndiyo, linki ingefaa hata usiporudishiwa chochote.

mbunifu77:
DA ni kipimo cha kampuni ya Moz, si cha Google, na watu huipandisha kwa linki za kununua. Enzi zile PageRank, alama ya Google ya umuhimu wa ukurasa, ilipokuwa inaonekana kwenye upau wa kivinjari, linki ziliuzwa kwa namba hiyo hiyo, mpaka Google wakaificha mwaka 2016. Siiangalii kabisa.

BintiMsimbo:
Naongezea ya kiufundi. Andika site: ikifuatiwa na anwani yake kwenye Google. Kama tovuti si mpya na haitokei hata ukurasa mmoja, kuna jambo. Kisha fungua ukurasa ambao linki yako itakaa, bonyeza kulia utazame msimbo wake, utafute nofollow (inaiambia Google isiihesabu linki), sponsored (linki ya kulipiwa) na noindex (ukurasa usiorodheshwe). Kuna wajanja wanaokuweka kwenye ukurasa wenye noindex: wewe unaiona linki, lakini ukurasa hautokei kwenye matokeo ya Google. Nofollow peke yake isikutishe, ikiwa wasomaji wake wanabofya kweli.

Jingine ambalo wengi husahau: anzia ukurasa wa mbele wa tovuti yake, ujaribu kufika kwenye huo ukurasa kwa kubofya tu. Usipofika wewe, hakuna atakayefika. Halafu ingiza anwani yake kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za tovuti, uone zamani ilikuwa nini.

NiliyeunguaMoja:
Ndugu, nilikuwa na ukurasa wa "Marafiki Zetu" wenye linki mia na ushee, kila aliyeomba nilimpa. Aprili 2012 Google walipotoa Penguin, sasisho la kuzishusha tovuti zenye linki za hila, wageni wangu wakapukutika. Miezi mizima nikawa naandikia watu waondoe linki zangu. Wengi kimya, mmoja akadai hela ndipo aondoe! Oktoba ya mwaka ule ule ilipokuja zana ya Google ya kukana linki, yaani kuwaambia wasizihesabu, nikapeleka orodha nzima. Kilichoniuma zaidi ni kwamba katika zote zile, zilizowahi kuniletea msomaji hazikuzidi nne.

FundiSindano:
Nimerudi. Jana usiku nilikaa nazo. Yule wa DA 52 ana ukurasa unaitwa "Washirika", nimehesabu linki nikakomea 200, kamari juu ya mikopo juu ya dawa za kupunguza unene. Wayback Machine inaonyesha anwani hiyo ilikuwa ya kwaya, ikakaa tupu, kisha ikafufuka na kamari. Nimecheka peke yangu.

Wa vitambaa hana ukurasa wa linki kabisa. Makala yake ya denimu ina picha alizopiga mwenyewe, maana kidole kile kile chenye plasta kimo kwenye kila picha, na wasomaji wakiuliza anajibu. Anataka linki ikae kwenye makala yangu ya namba za sindano, pale ninaposema jinzi inataka 90/14 au 100/16. Panafaa. Ila anataka maneno ya linki yawe "vitambaa bora bei nafuu". Nikubali?

KirakaMzee:
Usikubali. Mwambie iwe "aina za denimu na uzito wake", yaani kile msomaji atakachokikuta. Akigoma, achana naye.

BintiMsimbo:
Na ukishaiweka, jiwekee kikumbusho cha miezi mitatu. Tovuti nzuri nazo huuzwa, mwenye mpya akapindua kila kitu, na linki yako bado inapeleka watu kule.

FundiSindano:
Amekubali ndani ya dakika kumi. Kumbe hayo maneno ya bei nafuu alishauriwa na yule yule wa A na B.