Kabla ya Clouds, Dar ilikuwa inasikiliza redio gani?

Dogo_wa_Mikseri:
Wakuu habari za usiku, wakubwa shikamooni. Mimi ni wa mwaka 2001, napiga muziki kwenye sherehe huku Mbagala. Juzi kijiweni nilisema redio ya biashara hapa nchini ilianza na Clouds. Mzee anayetuuzia kahawa akacheka mpaka akamwaga kikombe. Eti nikaulize habari za Radio One, na eti hata jina la bongo fleva limetokea huko. Nikamwomba anisimulie, akasema ana wateja. Waliokuwepo, ilikuwaje?

Fundi_Gerezani:
Marahaba kijana. Mzee wako hajakudanganya.

Mimi natengeneza redio tangu 1989, nilianza kwa kumshikia mjomba lehemu. Siku hizo redio maana yake RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam ya serikali, na RTD tuliisikiliza kwenye masafa ya kati na mafupi. Mstari wa FM kwa wateja wetu ulikuwa pambo tu. Antena ikivunjika hakuna aliyejali, kwa sababu masafa ya kati yanashikwa na ile fimbo nyeusi yenye waya iliyo ndani ya redio. Watoto walichomoa antena wakachezea mpira wa makaratasi, baba anasikiliza matangazo ya vifo kama kawaida.

Sheria ya utangazaji ikapitishwa 1993, watu binafsi wakaruhusiwa. Mwaka 1994 zikaja Radio Tumaini ya Kanisa Katoliki na Radio One ya mfanyabiashara Reginald Mengi. Nakumbuka vizuri kwa sababu ndipo mjomba alipoanza kula nyama katikati ya wiki. Watu walimiminika na redio zao: "Fundi, mbona kwa jirani inashika, kwangu inakoroma?" Haikuwa na ubovu wowote, haikuwa na antena! FM bila antena utapata mchanga tu. Tuling'oa antena kwenye redio zilizokufa, zilipoisha tukafunga spoki za baiskeli. Spoki inashika vizuri, usicheke.

Sasa vipindi vya Radio One. Asubuhi kulikuwa na Kumepambazuka, michezo Spoti Leo. Sauti zenyewe hazikuwa ngeni: Julius Nyaisangah, yaani Uncle J, na Charles Hilary tulikuwa nao RTD. Ila kilichowatoa vijana majumbani ni DJ Show ya Taji Liundi, Master T, akiwa na Mike Mhagama na Othman Njaidi. Kabla ya hapo, kijana wa Kitanzania aliyechana kwa Kiswahili asingepata pa kupigiwa wimbo wake. Liundi alipoondoka 1996 Mhagama akabaki na kipindi, na ndiye aliyekuwa akipiga wimbo wa Blackstreet wa Marekani akauita "R&B flava", halafu akaweka wa Unique Sisters wa hapa nyumbani akasema hii sasa ni "bongo flava". Jina likashika.

Mimi nilikuwa narekodi kipindi hicho kwenye kaseti, nawauzia wanafunzi. Taabu yangu kubwa ilikuwa mtangazaji: wimbo unaanza, naye bado anaongea! Mteja mmoja alinirudishia kaseti akasema amelipia muziki, hakulipia maneno.

Halafu usidhani tangazo la sabuni lilianza 1994. RTD ilikuwa na Idhaa yake ya Biashara. Tofauti ilikuwa kwenye mdomo. Wa RTD alikuwa anakusomea, wa Radio One anakupigia soga.

MamaSaluni_Sinza:
Kaka yangu Fundi, umesimulia vizuri lakini umewapita Clouds kama kituo cha daladala kisicho na abiria. Kupewa jina ni jambo moja, kuuzika ni lingine. Joseph Kusaga mwenye Clouds alianza na disko, kwa hiyo redio ilipoanza 1999 alishajua watu wanachezea nini. Yeye na mwenzake Ruge Mutahaba waliwatoa wasanii redioni wakawapandisha jukwaani, tamasha la Fiesta likawafikisha mikoani. Radio One hawakufanya hivyo.

Mimi saluni yangu ilikwenda kwa saa ya vipindi vya Clouds. Power Breakfast nafagia, Leo Tena ndipo kina mama wanakuja kusuka, na hapo hata anayeharakisha hasemi harakisha. XXL wanaingia mabinti. Jioni Jahazi, watangazaji Kibonde na Gardner wanabishana, mimi nahesabu hela. Mwaka 2019 ulituumiza, walifariki watatu: Ruge Februari, Kibonde Machi, na Mengi mwenyewe Mei. Siku ile ya Kibonde mteja wangu alikuwa na nywele nusu zimesukwa, tukaacha.

Dogo_wa_Mikseri:
Asanteni sana wakubwa. Mama, hiyo ya disko sikuijua kabisa. Fundi, swali la pembeni: gari la bosi wangu linashika Clouds na Radio One, ila redio ya EFM haliioni. Kwa nini?

Fundi_Gerezani:
Dada wa Sinza, nakubali, nimewaonea. Ila swali la dogo linanipa nafasi ya kusema ninachokiamini miaka yote na watu hawakitaki.

Kijana, gari la bosi wako limetoka Japani. Redio za FM za magari yao mengi ya zamani zinaanzia megahezi 76 na zinaishia 90. Sasa chukua kalamu: hapa Dar, East Africa Radio 88.1, Clouds 88.5, Wasafi 88.9, Radio One 89.5. Wote wamo ndani. EFM ni 93.7, Times 100.5, hao wako nje ya uzio. Ndiyo maana magari mengi ya mtumba yana kidude kinachochomekwa njiani mwa antena ili kuyashusha masafa. Hapo usishangae ukiona kwenye redio EFM inasoma namba isiyo yake.

Watu wanasema kituo fulani kimeshinda kwa sababu ya watangazaji. Sawa. Lakini mtu yuko kwenye foleni ya Ubungo saa mbili, redio yake inaishia 90, atasikiliza nani? Wale wa Power Breakfast walipohamia EFM 2016, wiki ile niliuza vidude vyote nilivyokuwa navyo nikaagiza vingine. Kwa hiyo dada, na watangazaji wana nguvu, hilo siwezi kukubishia.

Gari lilete Jumamosi. Na mzee wa kahawa mlipe kikombe chake.