Tuwashawishije wazazi wa vijijini wawasomeshe binti zao?

Swali: Ndugu zangu, ninafundisha sekondari ya kata wilayani Chamwino, ambako baada ya mavuno wasichana kadhaa huacha masomo, na wengine huozwa. Nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu, anza na mabibi. Kijijini kwetu Mpwapwa, neno la bibi kuhusu mjukuu wake lilisikilizwa kuliko hotuba zote za mkutano wa kijiji. Kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi kipo kisheria tangu 2016, lakini ukikitanguliza, watu wataficha harusi.

Jibu: Naunga mkono. Pia wazazi wachangie mahindi ya chakula cha mchana, kwani binti anayetembea mbali akiwa na njaa hukata tamaa mapema.

Muulizaji: Ahsanteni. Na aliyejifungua?

Jibu: Arudi darasani, serikali imeruhusu tangu Novemba 2021. Mfuate nyumbani, mwalimu.