MREJESHO: Nafasi ya OneDrive kwa mhariri wetu wa video

Wakuu, niliuliza kama naweza kumnunulia mfanyakazi mmoja nafasi zaidi ya TB 1 kwenye OneDrive (hifadhi ya mafaili mtandaoni ya Microsoft, kila mtu na yake). Ofisi yetu ni ya video, hapa Sinza, tuko 12, wote tunatumia Microsoft 365 Business Standard.

Jibu fupi: kwa leseni hii, haiwezekani. Nafasi ya ziada ipo ya kununua, ila inaingia SharePoint (hifadhi ya pamoja ya ofisi nzima), siyo OneDrive ya mtu. Aliyenishauri nimpandishe yeye peke yake kwenye E3 (leseni ya juu zaidi ya Microsoft) ili apate TB 5, asante, lakini hizo TB 5 zinataka usajili wenye watumiaji watano au zaidi. Ukinunua moja unabaki na TB 1 ileile kwa bei kubwa. Bahati niliuliza kabla ya kulipa. Wakala alikuwa ameshaandaa profoma.

Kilichotuokoa ni SharePoint, ambayo tunailipia siku zote na hatuigusi. Ofisi inapata TB 1, pamoja na GB 10 kwa kila leseni, kwa hiyo sisi tuna kama TB 1.12. Kazi zote za harusi zilizokwisha tumezihamishia huko.

Halafu matoleo ya zamani ya mafaili. Faili moja la send-off lilikuwa na matoleo kibao, na yote yanahesabiwa kwenye nafasi. Tumeyafuta, tukamwaga na kapu la taka, maana nalo linahesabiwa. Jamaa sasa yuko kwenye GB 600 na ushee.

Google Workspace, huduma ya Google inayofanana na hii, sijaigusa. Kuhamisha data yote hiyo kwa bando letu, hapana.