Dini humbakiza mtu kwao au humsukuma nje?

Muulizaji: Wakuu, natengeneza dodoso la kupima kama imani, au kutokuwa na dini, huathiri hamu ya mtu kuhama nchi yake. Nina maswali mawili: "Una dini gani?" na "Ungependa kuhama?" Yanatosha?

Jibu 1: Hayatoshi, mkuu. Dini igawe mara tatu: dhehebu, mahudhurio ya ibada kwa mwezi (toa harusi na mazishi), na uzito wa imani katika maamuzi yake. Anayehudhuria kila wiki ana watu wa kumuuguza, kumkopesha na kumzika. Akihama, hayo hayabebeki. Lakini jumuiya hiyohiyo ikiwa na waumini huko anakotaka kwenda, inageuka kuwa daraja. Kwa hiyo uliza pia kama ana mwenzake wa ibada nje ya nchi. Usipouliza, nguvu hizo mbili zitafutana na utahitimisha kimakosa kwamba dini haina athari.

Hamu nayo ina ngazi. Gallup, shirika la kura za maoni, huuliza kama mtu angehama kwa kudumu akipata nafasi. Hilo ni tamanio tu. Ongeza mpango wa miezi 12 ijayo, kisha maandalizi: pasipoti, viza, akiba.

Jibu 2: Hapo mimi ningeanza na nani ni wachache. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alipofuta Amri ya Nantes, iliyowapa Waprotestanti uhuru wa kuabudu, mwaka 1685, Wahuguenoti (Waprotestanti wa Ufaransa) walikimbia nchi kwa makumi ya maelfu ingawa kutoka kulikatazwa. Kilichowasukuma ni kubanwa, si wingi wa sala. Asiyeamini, pale ambapo kuacha dini ni kosa la jinai, yuko katika hali hiyohiyo. Mwongozo wa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2004 unahesabu kutoamini ndani ya neno "dini" la Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Muulize mhojiwa kama majirani zake wengi wana msimamo kama wake.

Jibu 3: Tahadhari na takwimu za jumla. Kwa hesabu ya Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, mwaka 2020 wasio na dini walikuwa 13% ya wahamiaji wote duniani, pungufu ya sehemu yao katika idadi ya watu. Hiyo haimaanishi hamu yao ni ndogo: wengi wa wasio na dini wako China, ambayo kwa ukubwa wake hutoa wahamiaji wachache. Pia katika nchi nyingi wasio na dini ni vijana, wasomi, wa mjini, yaani walewale wanaotamani kuhama hata hivyo. Bila umri, elimu na ndugu walio nje, utaisingizia dini.

Muulizaji: Nashukuru sana. Na anayejibu "Mungu akipenda"?

Jibu 1: Usimwandike "sijui". Mwingine anakubali, mwingine anakataa kwa adabu. Rudi kwenye ngazi ya maandalizi: ameshaomba pasipoti? Maswali ya dini yaweke mwisho, la sivyo ya kuhama atayajibu kama muumini anayetazamwa. Na hayo ya dini ajaze mwenyewe kwenye karatasi. Asiyeamini hatajitaja mbele ya wazazi wake.