Naomba ushauri: kuta nyeupe za seti yangu ya LEGO ya Himeji zinageuka manjano

Habari zenu wanajamii. Ninakusanya seti za LEGO (vipande vya plastiki vya kuunganisha) za majengo ya Asia, na ninayoipenda kuliko zote ni seti ya Ngome ya Himeji ya Japani, iliyotoka mwaka 2023, yenye vipande 2,125, ambayo sehemu kubwa ya kuta zake ni nyeupe. Upande unaoelekea dirishani umeanza kuwa manjano, ingawa vipande vilivyo chini kabisa ya paa la mnara mkuu, palipo na kivuli, bado ni vyeupe. Nimeweka pazia zito na kuziosha kuta kwa maji ya sabuni, lakini wapi! Je, kuloweka vipande hivyo katika haidrojeni peroksaidi (kemikali ya kung'arisha) hudhoofisha plastiki? Na kasha lenye kichujio cha miale ya urujuanimno (UV) ya jua husaidia kweli, au bora niihamishie chumba kisicho na jua?