Mteja kaja na mkataba wa ChatGPT, anataka nigonge muhuri tu

Wakili wa Posta: Wasomi wenzangu, habari za kazi. Nipo kwenye ofisi ndogo ya mawakili hapa Posta, Dar. Mteja wetu wa siku nyingi kaleta mkataba wa kuuziana hisa, kurasa 14, kaandikiwa na ChatGPT. Eti kazi imeshaisha, nipitie "kidogo", nigonge muhuri, alipe robo ya ada. Kiingereza chake kimenyooka kuliko changu, lakini kifungu cha tatu kinataja Sheria ya Makampuni ya 2006. Hiyo ni ya Uingereza, yetu ni ya 2002! TRA, mamlaka ya mapato, haijatajwa popote. Bosi anaogopa tukimbana atahamia kwa jirani. Nyie mnatozaje?

Mama Kesi: Toza kama umeuandika mwenyewe, mwanangu. Muhuri una jina lako. Mwaka 2023 kule New York, kwenye kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mawakili waliwasilisha hukumu ambazo ChatGPT ilizitunga tu. Jaji Castel akawapiga faini ya dola 5,000, wao, si programu. Ofisini kwangu kazi za hisa hatuhesabu tena saa. Ni bei moja, pamoja na kuhangaika na TRA na BRELA, wakala wa usajili wa makampuni. BRELA wakirudisha maombi, ChatGPT haiendi kumwona ofisa.

Mwanasheria wa Ndani: Mimi nimeajiriwa na kampuni, niko upande wa wateja. Muulize mteja wako alibandika nini humo kwenye ChatGPT. Kama ni majina ya wanahisa na namba zao za NIDA (vitambulisho vya taifa), kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kwetu walipiga marufuku akili mnemba (AI), watu wakahamishia kazi kwenye simu zao. Marufuku gani hiyo?

Wakili wa Posta: Nimemuuliza. Kabandika kila kitu, hadi akaunti ya benki. Nikamwambia BRELA watataka mmiliki manufaa, yaani mtu halisi anayefaidika na hisa; mnunuzi hasa ni nani? Akasema "hilo tutaongea nikija".

Mama Kesi: Basi habari ya ada iache kwanza. Kwenye miamala kama hii, sheria ya utakasishaji wa fedha haramu inakubana na wewe wakili, si benki peke yake. Mteja akupe jina la mnunuzi na vitambulisho kwa maandishi. Akikataa, jirani amchukue.