Naomba ushauri: mke wangu amekataa kuwa msaidizi wangu tena kwenye mbio za milimani

Mguu_wa_Rongai · Jumapili, saa 2:14 usiku

Wadau, salamu. Nianze na kosa langu mwenyewe ili msije mkanikamua nalo baadaye.

Mwaka jana nilikimbia mbio za milimani za kilomita 60 na ushei, jina naliacha. Msaidizi wangu, wa kuningoja vituoni na chakula na nguo kavu, alikuwa mmoja tu, mke wangu. Nilimwambia nitafika kituo cha tatu saa moja jioni. Nikafika saa mbili kasorobo, nimelowa chapachapa, tumbo limekataa kila kitu. Chai imepoa, soksi kavu ziko chini kabisa ya begi, betri za taa ya kichwa zimebaki garini. Nikamfokea mbele za watu. Maneno yenyewe siyarudii hapa. Mbio nilimaliza, medali nikavalishwa, halafu tukarudi Rongai njia nzima redio ikiongea peke yake.

Tangu siku hiyo hajakanyaga mazoezi yangu ya Jumamosi.

Sasa Januari jina langu limetoka kwenye droo ya CCC. Kwa wasioijua, ni mdogo wake UTMB, ile ya kuzunguka Mont Blanc. Inaanzia Courmayeur huko Italia, inakatiza Uswisi, inaishia Chamonix, Ufaransa. Kilomita kama 100, na ukijumlisha kupanda kote ni mita elfu sita hivi. Ni mwisho wa Agosti. Nina miaka 41, kazi yangu ni hesabu za kiwanda Industrial Area, na sijawahi kukimbia usiku kucha.

Wa kwenda nami ni watatu: mke wangu, ambaye amesema haendi Ulaya kutukanwa kwenye baridi, shemeji yangu, mdogo wake, anayeishi Ujerumani na ana gari, na jamaa mmoja tunayekimbia naye Ngong, yuko tayari kujilipia. Nimchukue nani? Na mtu unamfundishaje kuhudumia mbio za milima ambayo hajaiona, sisi tukiwa hapa Nairobi?

---

Kona_Baridi · saa 2:31 usiku

Hongera kwa droo. Pole kwa ya nyumbani.

---

Mwanaume_Kamili · saa 2:40 usiku

Mama abaki na watoto. Hizi ni kazi za wanaume, hasira za njiani mwanaume mwenzako hazichukulii moyoni. Enda na jamaa wa Ngong, kesi imeisha.

---

MamaTunu · saa 3:05 usiku

@Mwanaume_Kamili kesi haijaisha, hata haijasomwa.

Ndugu Mguu, mimi ni huyo mke. Si wako, lakini nimemhudumia wangu mbio saba, kwa hiyo nikueleze huku upande wa pili kunakuwaje. Mnatuacha mahali saa kumi alfajiri. Mnarudi baada ya saa nane mnanuka kama beberu, mnakaa dakika sita, mnaondoka. Katikati hapo hatujui kama mko hai. Simu haina mtandao. Choo kiko mbali, na ukienda utaambiwa ndio alipita. Halafu eti chai imepoa! Ulimpa saa moja, ukaja saa mbili kasorobo. Aliipasha mara ngapi, ulimuuliza?

Kosa si la begi, ni la ile saa uliyompa. Hakuna mkimbiaji wa milimani anayejua atafika dakika gani. Mpe nyakati tatu kwa kila kituo: nikiwa na miguu mizuri, nikiwa wa kawaida, nikiwa nakufa. Wangu huniandikia kwa kalamu ya wino mzito kwenye kadi, naivaa shingoni. Hiyo ya tatu ikipita ndipo naanza kuuliza waandaaji. Kabla ya hapo nakaa, nakula, nalala kidogo. Msaidizi mwenye njaa ana hasira kuliko mkimbiaji.

Na begi usipange wewe. Mwachie anayelifungua alipange. Yangu ni mifuko midogo inayoonyesha ndani, mfuko mmoja kwa kila kituo, soksi na betri juu, chakula kando. Giza likiingia, mkono unajua wenyewe.

Lakini hayo yote baadaye. Umemwomba msamaha? Nimesoma maelezo yako mara mbili, sijaona mahali.

---

Mguu_wa_Rongai · saa 3:12 usiku

@MamaTunu nilimwambia pole kwa yaliyotokea.

---

MamaTunu · saa 3:13 usiku

"Pole kwa yaliyotokea" huambiwa mtu aliyefiwa.

---

Hesabu_za_Longonot · saa 4:20 usiku

Ya ndoa nawaachia wenyewe. Mimi niongee milima.

Wengi wanaenda kule wakiogopa urefu kutoka usawa wa bahari. Chamonix iko kama mita 1,035. Wewe unalala Rongai juu ya mita 1,700, yaani kitanda chako kiko juu kuliko mstari wao wa kumalizia. Njia yenyewe inagusa mita 2,500 na kidogo, pale Tête de la Tronche na baadaye Grand Col Ferret unapovuka kuingia Uswisi. Kilele cha mlima Longonot ni 2,776. Pumzi isikunyime usingizi. Kitakachokuua ni kushuka. Mita elfu sita za kupanda unazirudisha zote na zaidi kidogo ukishuka, na misuli ya mapaja ya mtu wa barabara za Nairobi haijui kazi hiyo.

Piga hesabu. Kutoka geti la Longonot hadi kilele ni mita mia sita na kitu. CCC ni kama Longonot tisa. Usizifanye siku moja, tafadhali. Anza na moja, kupanda na kuzunguka ukingo wa kreta, jumla kilomita 13 hivi. Mwezi wa tano fanya mbili siku moja. Mwezi wa sita tatu, kesho yake uende Ngong ukiwa bado unachechemea, vilima vyote mpaka Kona Baridi na kurudi. Nenda na kundi, kwa usalama wako. Julai nenda Elephant Hill, ile ya Njabini, na askari wa msitu, siku ya mvua makusudi. Matope ya mianzi na baridi ya juu kule vitakufundisha kuvaa koti kabla hujatetemeka. Fimbo zako mbili uzizoee huko huko, si Ulaya.

Sasa sikia, maegesho ya Longonot ndiyo kituo chako. Kila ukishuka raundi moja unamkuta msaidizi wako hapo, saa mkononi. Dakika tano. Maji, chakula, soksi, nenda. Raundi ya kwanza mtagongana kama matatu za Muthurwa. Ya tatu hamtaongea hata.

---

Bibi_Sindano · Jumatatu, saa 12:50 asubuhi

Nimetoka zamu ya usiku, kwa hiyo nisamehewe nikikaripia.

Mguu, hukusema ulikula nini kabla tumbo halijakataa, ila nakisia: hukula saa tatu za kwanza kwa sababu ulijisikia vizuri, kisha ukajaribu kufidia. Tumbo la mtu anayepanda mlima halina damu ya kutosha ya kazi hiyo. Lenga gramu 60 za wanga kwa saa, toka saa ya kwanza, na ulizoeze tumbo kwenye mazoezi. Ndizi ya kawaida ni gramu 25 hivi, piga hesabu mwenyewe. Jeli tamu za wakimbiaji ni sawa, lakini saa kumi na mbili za utamu mtupu mdomo unachoka, ndipo viazi vya kuchemsha vyenye chumvi na supu vinapookoa watu. Kuna bwana mmoja hapa mtaani hukimbia na vipande vya nduma mfukoni. Nilimcheka. Alinipita.

Msaidizi wako ajue mambo haya, na ayajue kichwani. Dawa za maumivu aina ya ibuprofen asikupe hata ukimlilia. Mwili umekauka, misuli inapasuka, figo tayari zina mzigo. Ukiwa umevimba vidole, unatapika, kichwa kinauma na umechanganyikiwa, asikupe maji zaidi akidhani ni kiu. Huenda umekunywa maji matupu mengi mno na chumvi ya damu imeshuka, na hapo ni daktari wa mbio. Na ukifika unatetemeka halafu kutetemeka kukaacha bila wewe kupata joto, asidhani umepata nafuu. Mbio zako zimeisha.

Kwa hiyo unapochagua msaidizi jiulize: nani kati ya hao watatu anaweza kukuambia "hapa tunaacha" na ukamsikiliza?

---

Mpagazi_wa_Marangu · saa 2:05 asubuhi

Mkuu, nachungulia kutoka Moshi. Mimi si mkimbiaji, kazi yangu ni kupandisha watu Kilimanjaro. Nakuongezea moja tu kwenye ya huyo dada muuguzi. Mgeni aliyechoka ukimuuliza "uko sawa?" atasema ndiyo, hata akiwa amesimama kwenye kiatu kimoja. Sisi tunamuuliza ya kujibu. Tangu tulipopumzika umekula nini? Kojo la mwisho lilikuwa saa ngapi, rangi gani? Mwanao wa pili anaitwa nani? Akianza kufikiria jina la mwanawe, tunageuza.

---

Mwanaume_Kamili · saa 2:30 asubuhi

Sasa hiyo ya mwana wa pili mimi hata nikiwa nimelala vizuri nitafikiria 😂

---

Chai_ya_Champex · saa 7:15 mchana

Nimekuwa msaidizi kwenye hii hii CCC, kwa hiyo nitakupa yale ambayo ukiwa Nairobi huyaoni.

Kwanza, sheria. Msaidizi anaruhusiwa kukugusa kwenye vituo maalumu tu, na ndani ya eneo hilo huingia mtu mmoja kwa mkimbiaji mmoja. Kwa hiyo swali la "nimchukue nani" limegawanyika: nani anaingia, nani anaendesha. Akikupa hata ndizi njiani nje ya kituo unaweza kuadhibiwa au kutolewa. Na hakuna wa kukimbia nawe. Wamarekani wana mbio ambapo rafiki anakusindikiza kilomita za mwisho, huku hakuna. Huyo jamaa wa Ngong kama anawaza kukusindikiza usiku, mwambie mapema.

Pili, utaanza saa tatu asubuhi na msaidizi wako hatakuona mpaka Champex-Lac, zaidi ya nusu ya njia. Mkimbiaji wa kasi ya katikati anafika pale giza limeingia. Kila kitu kinaamuliwa Champex. Ndani kuna hema kubwa, joto, harufu ya supu, watu wamelala juu ya meza, na wewe ukikaa dakika kumi zaidi hutataka kutoka. Na huko nje inakungoja minyanyuko mitatu mikubwa: mmoja kwenda Trient, mmoja kwenda Vallorcine, mmoja wa mwisho kabla ya kushuka Chamonix. Hapo unahitaji mtu wa kukuinua, siyo wa kukuhurumia. Mimi niliambiwa kabla: "Nikianza kuvua viatu bila sababu, ondoa kiti." Nikakiondoa. Hatukuongea mpaka Vallorcine, na pale akanibusu.

Tatu, karatasi. Italia, Uswisi na Ufaransa zote ni Schengen, viza moja inatosha, na maombi yanafunguliwa miezi sita kabla ya safari. Omba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Usingoje Juni, wakati huo kila Mkenya anataka kwenda kuona ndugu. Shemeji wa Ujerumani ni dhahabu. Tayari yuko ndani, ana gari, na abandike ile stika ya barabara kuu za Uswisi. Waandaaji pia wana mabasi ya wasaidizi, ila tiketi zinanunuliwa mapema, na usiku basi halikungoji.

Kukimbia usiku kucha nako kufanyie mazoezi. Karura inafungwa jioni na Ngong usiku sikushauri kamwe. Tafuta mtaa wenye geti na walinzi, Ijumaa ukitoka kazini bila kulala, zunguka kuanzia saa tatu hadi saa tisa usiku. Msaidizi akae getini na themosi. Walinzi watawaona wendawazimu, sisi tulizoeleka wiki ya tatu, mmoja akawa ananihesabia raundi.

---

Kona_Baridi · saa 7:40 mchana

Na nani kasema Mkenya ni wa lami tu? Patrick Kipngeno alichukua ubingwa wa dunia wa kupanda mlima, Innsbruck 2023. Enda kaka.

---

Mguu_wa_Rongai · Alhamisi, saa 3:48 usiku

Nimerudi na ripoti.

Swali la Bibi_Sindano ndilo lililonikalia kooni. Jamaa wa Ngong ataniambia "songa, bado una nguvu" hata nikiwa natapika damu, maana na mimi ndivyo ninavyomwambia yeye. Shemeji ananiheshimu mno, atanyamaza. Aliyewahi kuniambia niache kitu na nikaacha ni mmoja tu, na ndiye niliyemfokea.

Jana nilimwomba msamaha, safari hii kwa kutaja nilichosema, neno kwa neno, na mahali niliposema. Ilikuwa ngumu kuliko Longonot. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza kwa nini ilinichukua miezi saba. Sikuwa na jibu, sikulitunga.

Leo nimemsomea uzi huu wote. Kwa MamaTunu alicheka mpaka akakaa chini. Ameomba kuisoma hiyo ya kiti mwenyewe, akairudia. Masharti yake ni haya: shemeji anaendesha, yeye ndiye anaingia. Begi ni lake, nisiliguse. Nyakati tatu kwa kila kituo, kwa maandishi. Akisema tunaacha, tunaacha, na hakuna kulijadili njiani wala nyumbani. Jumamosi anakuja Longonot kuona kwanza, hajakubali Chamonix bado.

Nikamuuliza, na chai ikipoa je? Akasema ikipoa ataninywesha hivyo hivyo, na nikipiga kelele ataimwaga.

---

MamaTunu · saa 3:55 usiku

Mwambie anitafute inboksi. Nina mifuko ya ziada.